Shairi Linalodai Jibu: Amri Abedi, Mnyampala na ujenzi wa jamii ya watunzi

Kitabu alichokitoa Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 kina jina refu: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Wanafunzi wengi wanaijua nusu ya kwanza tu, maana ndiyo inayotajwa darasani kila mwalimu anapotaka fasili ya ushairi. Nusu ya pili, diwani yenyewe, wanaoifungua ni wachache. Lakini anayetaka kujua jinsi watunzi wa Tanganyika, waliokuwa wametawanyika kila mmoja na daftari lake, walivyokuja kuwa kundi lenye chama, kurasa zake magazetini na ugomvi wake wa ndani, aanze kwa kujiuliza kwa nini mambo hayo mawili yalitiwa ndani ya jalada moja.

Diwani peke yake humtaka msomaji asome, afurahi, amsifu mtunzi, aiweke kabatini. Kitabu cha sheria peke yake humfanya mwanafunzi. Amri aliviunganisha, na hapo ndipo ulipo ufundi. Msomaji anapofika kwenye shairi la kwanza la diwani tayari amekwisha kupewa kipimo: anajua vina, mizani, mishororo, beti, kituo. Anaweza kumkagua mwandishi kwa kipimo cha mwandishi mwenyewe. Kisha anaweza kuchukua kalamu usiku huohuo akajaribu la kwake, akajua kabla ya kulala kama limesimama au limechechemea. Mtu aliyefunzwa hivyo hageuki kuwa msomaji wa Amri tu, anageuka kuwa mshindani wake, na nionavyo mimi Amri alilitaka hilo tangu mwanzo.

Hakuwa mgeni wa kazi za vitabu. Alishiriki katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa na Jumuiya ya Ahmadiyya mwaka 1953. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, na hilo la Ujiji lisipitwe haraka. Ujiji ni mji wa Waswahili kwa historia yake, lakini upo kwenye Ziwa Tanganyika, mwisho kabisa wa njia ya misafara, mbali na Mvita, Lamu, Tanga na Unguja. Pwani, mtoto hupata mizani kwa sikio kabla hajaambiwa kwamba kitu hicho kina jina. Anaisikia arusini, kwenye maulidi, barazani, hata katika matusi ya watani. Malumbano ya Muyaka bin Haji na washairi wa Lamu yalidumu vichwani mwa watu wa Mombasa kwa miongo kadhaa, hadi William Taylor alipoyakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Diwani ya Muyaka ilichapwa 1940, karne moja baada ya kifo chake. Watu waliokuwa na masikio ya namna hiyo hawakuhitaji kitabu cha sheria.

Mwalimu wa shule kule Ugogo au karani wa Tabora alikuwa na haja nacho. Uwanja alikuwa nao: gazeti la serikali, Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa likichapa mashairi ya wasomaji kutoka kila upande wa nchi. Alichokikosa ni kanuni iliyoandikwa, ambayo angeweza kuishika mkononi akabishana nayo na mtu wa Tanga bila kuambiwa kwamba yeye ni wa bara, hajui.

Mizani inafaa sana kazi hiyo kwa sababu haihitaji cheo. Kiswahili kina silabi zinazoisha kwa irabu, na kuzihesabu ni kazi ya vidole. Mshororo wa kawaida wa tarbia una mizani 16, 8 katika nusu ya kwanza, ukwapi, na 8 katika ya pili, utao, na ubeti una mishororo minne. Mtoto wa darasa la tano anaweza kumkamata waziri aliyetia mizani 9. Panapobaki ubishi, ubishi huo ni mdogo na mtamu: “mtu” ni mizani 2 kwa kuwa “m” inasimama peke yake, na “nchi” ni 2 vilevile, lakini “ngoma” nayo ni 2 tu, kwa kuwa “ng” yake imeshikana na irabu. “Serikali” ni mizani 4, ila ulimi wa wengi unasema “serkali”, na mtunzi aliyebanwa na nafasi ataiandika hivyo na kudai amefanya inkisari, yaani amelifupisha neno kwa ruhusa ya ushairi. Mwenzake atamwambia hakufanya inkisari, amechoka kufikiri. Wote wawili wanajua wanachogombania, na hakuna kati yao anayemwomba mzee wa pwani kibali cha kusema.

Hapo bara ilipata mlango, na walioupita hawakuwa wachache. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa 1917, alikuwa Mkatoliki, mwalimu, kisha mtumishi wa serikali aliyefikia uliwali na uhakimu. Saadan Kandoro, naye wa Ujiji, alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954 na akazitumia beti kama silaha ya kisiasa. Kiswahili cha kila mmoja kilikuwa na njia yake ya kufika. Kipimo chao kilikuwa kimoja.

Lakini kipimo hakitoshi kuwaleta watu pamoja. Kinachowaleta ni jibu, na hapa inafaa kulitazama shairi la gazetini kwa karibu, kama fundi anavyofungua saa.

Tuseme mtunzi anaanza hivi (nimeutunga mwenyewe kwa mfano): “Swali langu naliweka, mwenye jibu alilete.” Hesabu: swa-li-la-ngu-na-li-we-ka, mizani 8, mwe-nye-ji-bu-a-li-le-te, 8 nyingine. Kina cha kati ni “ka”, cha mwisho ni “te”. Kwa desturi ya malumbano, anayejibu hujifunga kwa bahari ileile, na akitaka kuonyesha ubabe hushika vina vilevile: “Swali nimelipeleka, wajuzi niwatafute.” Msomaji akifungua gazeti anajua mara moja, hata kabla ya kusoma jina, kwamba hili ni jibu la lile la wiki iliyopita. Vina vinafanya kazi ambayo kwenye barua ya ofisi hufanywa na namba ya jalada.

Kuna jambo zaidi. Kina alichokichagua mwanzilishi kinamwelekeza mjibuji bila yeye kujua. “Ka” ni pana, ina shaka, hakika, haraka, mwaka, baraka, na vitenzi visivyohesabika vya kufika, kuanguka na kuvunjika. “Te” ni nyembamba. Ukiacha wote, sote na ndugu zao, utakuta imejaa vitenzi vya kuagiza na kutamani: alete, apate, apite, atafute, ajute. Kwa hiyo anayejibu katika “te” atajikuta anaamrisha au anaombea, apende asipende, maana mkate, pete na mate havimfikishi mtu mbali katika hoja ya siasa. Mtunzi mzoefu anayetaka majibu mengi huanza na kina chepesi. Anayetaka kuwafunga watu midomo huanza na kigumu. Ukipitia ukurasa wowote wa mashairi wa gazeti la zamani ukiwa na jicho hilo, utaanza kuwatambua waliotaka mazungumzo na waliotaka kuogopwa.

Ubeti wa mwisho nao una kazi yake. Kwa mila, mtunzi hujitaja hapo: jina au lakabu, na mara nyingi mji anakoishi. Wahakiki huliona hilo kama pambo la kufungia. Mimi naliona kama bahasha. Katika nchi ambayo watu hawa hawakuwa na njia ya kuonana, ubeti wa tamati uliwaambia wasomaji nani kasema na yuko wapi, na chini yake mhariri aliweza kuweka S.L.P. Baada ya miezi, karani wa Kigoma anamjua malenga wa Korogwe kwa ukali wake, kwa maneno anayoyapenda, kwa udhaifu wake wa kurudia kituo, ingawa hajapata kumwona uso. Lakabu zilisaidia: mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyetaka kuisema serikali hiyohiyo alihitaji jina jingine. Ngurumo lilipoanza 1959, na magazeti mengine ya wazalendo yakishapata wasomaji, jumuiya ilikuwa imekwisha kufanyika. Magazeti yaliikuta na kuipa nafasi.

Niseme pia kilichokosekana. Katika majina ninayoyataja hapa hakuna mwanamke. Mfumo huu ulimfaa mtu mwenye sanduku la posta, muda wa jioni, senti za stempu na kazi ya kalamu, na watu hao wakati ule walikuwa wanaume. Wanawake walitunga kama walivyotunga siku zote, ila mtungo wao haukupita katika mlango huu. Sheria zilizomfungulia mtu wa bara hazikumfungulia dada yake.

Mnyampala alifanya jambo ambalo Amri hakupata muda wa kulifanya. Amri alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akawa waziri, akafariki Oktoba 1964 akiwa na miaka 40. Watu wa leo wanalisoma jina lake kwenye uwanja wa mpira wa Arusha. Mnyampala aliishi hadi 1969, na orodha ya vitabu vyake ukiipanga kwa wachapishaji badala ya miaka inaonyesha akili ya mtu aliyejua kwamba wasomaji wa Kiswahili si kundi moja.

Kwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948 kuwapa wenyeji vitabu vya bei nafuu, alitoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo mwaka 1954, mwaka uleule wa Sheria za Amri na kwa mchapishaji yuleyule. Huko ndiko ilikotoka Diwani ya Mnyampala mwaka 1963, na Waadhi wa Ushairi mwaka 1965. Hivyo vilikuwa vitabu vya watunzi wenzake na vya shule. Kwa mtambo wa misheni ya Ndanda, wa Wabenediktini wa kusini, alipeleka kitu kingine kabisa: Utenzi wa Enjili Takatifu, 1963, na Utenzi wa Zaburi, 1965.

Tenzi hizo mbili zinastahili kuangaliwa kiufundi kabla ya kuangaliwa kidini. Utenzi ni bahari ya mizani 8, mishororo minne, vina vitatu vya kwanza vikifanana ndani ya ubeti na kina cha nne kikitembea kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Bahari hiyo ilikulia katika fasihi ya Kiislamu ya pwani, ikisimulia vita vya Mtume, wasia, mawaidha. Kumtwaa Kristo na Daudi na kuwapitisha humo kulikuwa na maana mbili kwa wakati mmoja. Kwa Mkristo wa bara, aliyekuwa akiuona ushairi wa Kiswahili kama mali ya watu wa msikitini, ilikuwa taarifa kwamba bahari hii ni yake pia. Kwa Mwislamu wa pwani ilikuwa heshima, kwa sababu Mnyampala hakuivunja. Aliifuata sheria kwa sheria, kina cha nne kikishikiliwa mpaka mwisho wa kazi ndefu. Chama cha watunzi ambamo sheikh wa Ahmadiyya na Mkatoliki wa Ugogo wanaweza kukaa meza moja hakijengwi kwa hotuba za umoja. Kilihitaji vitabu vya namna hii, vinavyoonyesha kwamba umbo moja linabeba imani zaidi ya moja. Miaka mingi baadaye, 1996, Julius Nyerere naye alitoa tenzi za Injili, na mchapishaji wake alikuwa yuleyule wa Kibenediktini, Ndanda-Peramiho. Njia ilikuwa imekwisha kulimwa.

Chama chenyewe kilikuwa UKUTA, Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na Mnyampala alikuwa mmoja wa viongozi wake. Jina linaonyesha wazi kwamba ushairi haukuwa shughuli pekee, na usanifu wa lugha umetangulia. Watu hawa walijiona kama walinzi wa Kiswahili, na shairi kama mahali pa kukihifadhi na kukijaribia. Hilo lilikipa chama sababu ya kuwapo mbele ya serikali changa iliyokuwa ikitafuta lugha ya taifa. Likakipa pia mzigo, maana anayepewa kazi na serikali hupewa na maelekezo.

Maelekezo yalikuja baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mwaka 1968 Nyerere, ambaye alikuwa mtunzi na mfasiri mwenyewe (tafsiri yake ya Julius Caesar ilikuwa imetoka 1963), aliwaita washairi akawataka waieneze siasa mpya kwa wananchi. Mnyampala alijibu kwa ngonjera. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka 1970, cha pili 1971, vyote kwa Oxford, na yeye alikuwa amekwisha kuzikwa.

Ngonjera ni malumbano yaliyohamishwa kutoka gazetini hadi jukwaani. Vina na mizani vimebaki, ubeti unajibiwa na ubeti, na pande mbili zinashindana, mmoja hajui au anakataa, mwingine anajua na anashawishi. Mwishoni aliyekataa anakubali na wote wanaimba pamoja. Kama chombo cha kueneza jambo, sijaona kilichokizidi kwa gharama: hakitaki mapazia, hakitaki maleba, kinataka wanafunzi wawili au kumi waliokariri na uwanja wa shule. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania amewahi kusimama kwenye mstari huo, au kuukosa akaona wivu, siku mgeni rasmi anapokuja. Kwa kuwaingiza watu wengi katika mizani, Mnyampala amemshinda hata Amri. Mamilioni ya Watanzania wametamka mizani 16 kwa usahihi bila kujua kwamba kitu hicho kinahesabiwa.

Ila kuna kitu kilibadilika ndani ya mtambo, na ndicho kinachonishughulisha. Katika malumbano ya gazetini aliyeuliza hakujua atajibiwa nini. Katika ngonjera muulizaji na mjibuji wameandikwa na mkono mmoja, na mbishi anajulikana atashindwa tangu mwalimu anapogawa majukumu. Umbo la mabishano limebaki, hatari yake imetolewa. Ndiyo maana ngonjera iliweza kukabidhiwa shule na serikali bila wasiwasi, na ndiyo maana haikuzaa watunzi kwa kadiri ilivyozaa waigizaji. Mtoto anayekariri ubeti wa mtu mwingine anapata sikio, jambo kubwa, lakini hapati ile ghadhabu ya kusoma jina lake likitukanwa kwa vina vyake mwenyewe kwenye gazeti la Jumamosi na kukaa usiku kutafuta neno la kumrudishia.

Ghadhabu ya kweli ilirudi kwa mlango mwingine. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani ya mapokeo, watunzi wa UKUTA na wenzao waliinuka. Ubishi ulidumu miaka, na kila upande ulikuwa na wasomi wake. Huwa tunaueleza kama vita vya kale na usasa, na sina haja ya kuurudia. Ninachotaka kionekane ni vitabu vilivyotoka katika vita hivyo. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, waliotetea upana wa ushairi na kukataa kuufunga ndani ya vina na mizani, walitoa mwaka 1979 Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Jumanne Mayoka, wa upande wa mapokeo, akatoa Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Yasome majina hayo mawili kando ya lile la 1954. Walikuwa wakibishana kuhusu ushairi ni nini, lakini hakuna aliyebisha kitabu cha mtunzi kikaeje: nadharia mbele, mashairi nyuma, msomaji apewe kipimo kisha apewe cha kupima. Hata wapinzani wake walikuwa wakiandika ndani ya jalada la Amri.

Leo watunzi wana vyombo ambavyo karani wa 1954 asingeviota. Kuna vipindi vya redio vya mashairi, urithi wa siku za Malenga Wetu ya Radio Tanzania, na kuna Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, iliyoanza kutolewa 2014, ambayo mashairi yake Mkuki na Nyota huyakusanya katika diwani. Tuzo inatafuta shairi bora, nayo inafanya kazi hiyo kwa haki. Shairi linapelekwa kwa majaji, linarudi na nafasi yake, linachapwa pamoja na mengine ambayo halijawahi kuzungumza nayo. Diwani nayo, kwa asili yake, huchapa upande mmoja. Mtunzi akikusanya kazi yake ya miaka 20 anachukua mashairi yake na kuyaacha ya waliomjibu, na nusu ya mazungumzo inabaki kwenye magazeti yanayoliwa na mchwa.

Mchapishaji anayetaka kufanya jambo jipya na lisilo ghali ana kazi hapo. Achukue mwaka mmoja wa ukurasa wa mashairi wa Ngurumo, aupange si kwa watunzi bali kwa minyororo: swali, jibu, jibu la jibu, anayeingilia kati, anayesuluhisha, kila ubeti wa tamati ukiwa na jina na mji wake. Aweke mbele kurasa chache za kanuni, kwa wasomaji wasiojua kuhesabu. Na nyuma aache kurasa mbili tupu zenye anwani yake.